Senene Wasio na Kitunguu

Mume wangu Wilbert alistaafu mwezi wa pili, na kufika wa sita alikuwa na boti. Wenzake hapa Buhembe walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye akanunua boti la faiba lenye injini nyuma na viti vinne vyekundu, akaanza kupotea kila Jumamosi. Nikimuuliza anakwenda wapi, ananijibu anatembea tu ziwani hadi upande wa Muleba, daktari kamwambia apumzishe mawazo. Mawazo gani hayo ya kupumzishwa Muleba?

Sifichi, nina wivu, na hata kwenye kitubio siutaji, maana siuhesabu kuwa dhambi. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Novemba nilitangulia kuketi botini na kikapu changu, nimeshavaa jaketi la kuokolea. Nilitaka kujua kama kuna mwanamke. Basi.

Akanikodolea macho. "Mama Mwesiga, wewe maji si unayaogopa?"

"Leo siyaogopi. Washa injini."

Kemondo tulisimama kununua maji ya kunywa. Muuza chapati alimsalimu Wilbert kwa jina, nami nikampima kuanzia kilemba hadi ndala. Hakuwa yeye, alikuwa na umri wa mama yangu. Mbele kidogo tukaingia kwenye ghuba ndogo chini ya miamba, ambako wasichana waliokuwa wakianika dagaa walimpungia mikono. Mmoja alicheka kuliko inavyopasa, nikamwekea alama. Wilbert alishika usukani huku akipiga mluzi. Mluzi huo nyumbani sijausikia tangu Mwesiga wetu abatizwe, na Mwesiga sasa ana watoto wawili.

Saa sita mchana tulikaribia mwalo mdogo upande wa Muleba, mitumbwi kama kumi na migomba iliyoshuka hadi karibu na maji. Hapo mume wangu alibadilika. Akataka tugeuze, eti upepo. Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu.

"Funga kamba, Baba Mwesiga," nikasema.

Hata hajamaliza kuifunga, akaja mwanamke akitembea taratibu, mtu mzima, wala si mrembo wa kutisha. Hilo ndilo lililoniuma, mrembo ningemwelewa. Aliponiona alisita, lakini miguu ilikuwa imeshamleta. Akapiga goti kidogo, akaniambia kwa heshima ya Kihaya, "Shikamoo, waitu," kisha akamkabidhi Wilbert kifurushi cha jani la mgomba, bado cha moto, akaondoka.

"Watu wa huku ni wakarimu sana," Wilbert akasema, akitazama kamba.

Nikamnyang'anya kifurushi, nikakifungua. Senene. Wamenyonyolewa mabawa na miguu, wamekaangwa wakakauka vizuri. Nikaonja. Hawakuwa na kitunguu.

Kitunguu humvuruga Wilbert tumbo. Kwa miaka thelathini na minne nilidhani katika mkoa mzima wa Kagera ninayelijua hilo ni mimi peke yangu. Na senene wenyewe, nani hajui? Kwetu mwanamke hukusanya senene akampelekea mumewe, na mume naye humnunulia gauni. Hampelekei jirani, wala mpita njia mwenye boti.

Tuliondoka. Wilbert akaongeza kasi, nadhani alitaka kelele za injini zitunyime nafasi ya kuongea. Nilimwacha mpaka mwalo ukawa mbali nyuma yetu, ndipo nikamgusa bega, akapunguza mwendo. Uso wake ulikuwa umeshajiandaa. Nilimwona akipanga majibu yake, kwamba si kweli, kwamba nimekosea, kwamba wivu utaniua. Sikumuuliza yule ni nani. Nilimuuliza kwa sauti ileile ninayomuulizia kama amekunywa dawa ya presha:

"Gauni lake ulimchagulia rangi gani?"

"Kijani," akajibu.

Halafu akasikia alichosema. Akashika usukani kwa mikono miwili kana kwamba ziwa limechafuka. Mimi nikachukua senene mwingine nikamtafuna, maana sikutaka kulia mbele yake, na Mungu anisamehe, walikuwa watamu kuliko wangu.