Ukurasa wa Sitini na Tatu

Watu wa chuo walimwita Mama Chapa, na si kwamba alimchapa mtu. Alikuwa na kichumba mkabala na lango la chuo, chenye kompyuta mbili, printa yenye kikohozi, mashine ya fotokopi na kile kidude cha kutoboa karatasi na kuzifunga. Kwa miaka kumi na tisa aliwachapia wasomi kazi zao. Nasema kuchapa, lakini hilo ni jina la kuwastahi tu. Mtu alimletea makaratasi yenye mwandiko kama kuku kaparua, sentensi imeanza Jumatatu na mpaka Ijumaa haijapata kitenzi, naye akaitafutia kichwa na miguu, akaisimamisha. Mwenyewe akavaa joho, akapigwa picha na ukoo mzima, na wiki iliyofuata akipita pale kichumbani anajitia hamnazo.

Neno lililomchekesha kuliko yote ni "mtafiti". Wasomi hawakusema "mimi". Walisema "mtafiti aligundua" na "mtafiti anaamini", hata yule aliyefanya utafiti wake wote amelala kitandani. Herufi ya M kwenye kibodi ilikuwa imefutika kabisa kwa sababu ya watafiti. "Watu wazima," alikuwa akisema peke yake huku akichapa, "mtu anaogopa kusema mimi."

Siku moja mwanafunzi aliyekaa kwenye benchi lake akimsubiri alikuwa akiongea na simu. "Niko hapa kwa yule mama wa kuchapa," alisema yule kijana wa kike, "ananisafishia tu kazi." Ananisafishia, kama masufuria. Mama Chapa alikuwa amemwandikia upya utangulizi wote. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya, maana alipokuwa na miaka ishirini alishapata nafasi katika chuo kilekile. Baba yao akafariki, akaiacha nafasi, akaenda kuchapa katika ofisi za watu ili mdogo wake amalize shule. Ajabu ni kwamba aliwadharau wasomi na bado aliutaka usomi. Mchana ule, akiwa na miaka arobaini na saba, alifunga kichumba saa nane, akavuka barabara, akachukua fomu.

Fomu ilitaka mdhamini, mtu wa chuo aliyewahi kufanya kazi na mwombaji. Jumapili akaipeleka kwa mama yake, kwa sababu huko ndiko alikokula shemeji yake kila Jumapili.

Huyu shemeji, mume wa mdogo wake, aliitwa Daktari. Si daktari wa sindano. Ukishikwa na homa mbele yake utakata roho huku akikueleza historia ya homa. Lakini tangu avae lile joho miaka tisa iliyopita, familia nzima ilimwita Daktari, hadi mkewe akimpitishia chumvi.

"Chuo?" Daktari aliweka kijiko chini. "Chuo cha ushonaji?"

"Hicho chako, shemeji."

Alicheka mpaka akapaliwa. "Ukae na watoto wa juzi? Watakuwa wanakuamkia kila wakiingia darasani! Mwalimu mwenyewe atadhani umekuja kufuata ripoti ya mwanao."

"Mwanangu, si kwa ubaya," mama yake alidakia, "lakini umri huu wenzako wanapunguza mizigo. Na macho hayo?"

Mdogo wake, yule aliyesomeshwa kwa vidole vya dada yake, alikuwa akiichunguza sahani. "Dada usinune," alisema. "Kwani kuchapa kumekukosea nini?"

Hilo ndilo lililomchoma. Alimeza chakula pamoja na jibu, akaisukuma fomu mezani. "Nahitaji mdhamini tu."

"Haya, leo nimeamka na roho nzuri," alisema Daktari, akimtazama mama mkwe kuona kama ameiona hiyo roho. "Andika kama kawaida, nitie saini. Tena mwezi huu mimi ni mmoja wa jopo la usaili. Nataka nikuone ukitoka jasho."

"Andika kama kawaida" ndiyo ilikuwa desturi ya walimu wa pale. Mwalimu akiombwa barua alimtuma mwombaji kwa Mama Chapa, Mama Chapa akaitunga, mwalimu akaitia saini dirishani bila hata kuzima gari. Hakuna aliyesoma. Mama Chapa alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya ukurasa wa sitini na tatu.

Ukurasa huo ulikuwa katika tasnifu ya Daktari mwenyewe. Alipokuwa akiichapa, alikuta wakulima mia mbili waliohojiwa wametoa majibu mia tatu na kumi na mawili. Akajiandikia kumbukumbu katikati ya aya, kwa herufi kubwa ili asiisahau: HAPA SIELEWI. WATU MIA MBILI, MAJIBU MIA TATU? KUMUULIZA SHEMEJI. Halafu shemeji mwenyewe akaja mbio mbio, "Funga, shemeji, leo ndiyo mwisho," naye akachapisha, akafunga, akasahau. Aliikumbuka kazi ikiwa imeshavishwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu. Wiki nzima chakula hakikupita, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Msimamizi alitia saini kwamba amesoma. Watahini watatu walitia saini kwamba wamesoma. Daktari aliapa kwamba ameipitia mara nne, neno kwa neno. Wakapiga makofi, wakala keki.

Basi akakaa akaandika barua ya mdhamini. Aliandika asubuhi nzima, na safari hii hakumpaka mtu mafuta.

Daktari alikuja Jumanne, funguo mkononi, injini inanguruma nje.

"Isome kwanza, shemeji," Mama Chapa alimwambia.

"Nisome nini? Si umeandika wewe ni mwaminifu na unajituma?"

"Nimeandika ya kweli."

"Basi yatosha." Akatia ile saini yake ndefu yenye mkia.

"Isome," alirudia Mama Chapa, maana hakutaka kesho aambiwe alimvizia mtu. Daktari alikuwa ameshafika mlangoni.

Usaili ulifanyika katika chumba chenye meza ndefu na kabati la vioo lililojaa tasnifu. Upande wa pili walikaa Daktari, karani wa kuandika, na mwenyekiti wa jopo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mwenyekiti huyu alikuwa mgeni chuoni, amehamia muhula ule, na alikuwa na kasoro moja. Alisoma.

"Mdhamini wako yumo humu ndani, kwa hiyo yeye leo hatauliza," alisema, akaifungua barua, akaanza kuisoma kwa sauti. "'Mimi niliyetia saini hapa chini ninamfahamu mwombaji kwa miaka kumi na minane. Ndiye aliyechapa tasnifu yangu. Ndiye pia aliyeandika upya sura ya pili na kuipanga sura ya tano, kwa kuwa nilivyoziandika mimi hazikueleweka. Ni msomaji makini kuliko msimamizi wangu, watahini wangu na mimi mwenyewe. Ushahidi uko ukurasa wa sitini na tatu, alipoandika swali ambalo sijalijibu hadi leo, kwa sababu sijaliona.'"

Karani aliacha kuandika.

"Daktari, hii saini ni yako?"

"Ni... ndiyo, ni yangu."

"Uliisoma barua kabla ya kuitia saini?"

Hapo Mama Chapa alimtazama shemeji yake usoni. Akisema hakuisoma, basi anatia saini vitu asivyovijua. Akisema aliisoma, basi yaliyomo ameyakubali. Mwenye akili angechagua aibu iliyo ndogo. Daktari alichagua mazoea.

"Niliisoma," alisema. "Neno kwa neno."

Mwenyekiti aliinuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na kitabu chenye maandishi ya dhahabu. Akavaa miwani, akafunua, akasimamisha kidole. "Kumuuliza shemeji," alisoma polepole. Akainua uso. "Shemeji ndiye nani?"

Daktari alikuwa anatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu.

Miaka tisa Mama Chapa aliingoja raha hiyo, na ilikuwa tamu kweli. Alikuwa bado anaimumunya mwenyekiti alipomgeukia.

"Ya shemeji tumeyamaliza. Hii barua inaeleza makosa ya mtu mwingine. Sasa haya hapa ni maelezo yako mwenyewe, uliyoambatanisha na fomu." Aliinua karatasi nyingine. "'Mwombaji ana nia. Mwombaji anaamini. Mwombaji anatambua.' Mistari ishirini na mitano, na hujasema mimi hata mara moja. Huyu mwombaji ni nani? Anataka nini?"

Mama Chapa alihisi masikio yanawaka. Aliiandika karatasi ile mwenyewe, akaipitia mara tatu, na hakuliona hilo. Alikuwa msafishaji wa kazi za watu, na yake ameivalisha joho lilelile alilolicheka miaka kumi na tisa.

"Mwombaji..." alianza, kwa mazoea. Daktari aligeuka kutoka dirishani.

Karani aliinua kalamu.

"Mimi," alisema, "nafasi yangu niliiacha hapa nikiwa na miaka ishirini. Watu wote nyumbani walinishukuru. Sijamsamehe hata mmoja."

Mwenyekiti aliifunga tasnifu ya Daktari, akaisukuma pembeni, akavuta kiti karibu na meza.

"Endelea," alisema.