Komamanga Si Miraa

Siku hiyo mjinga alikuwa mkulima Bundi mwenyewe, wala hakuna wa kusingizia. Mkewe Karwirwa alikuwa ameteremka sokoni Mikinduri kutafuta sukari ya bei nafuu, ambayo mpaka leo haijaonekana, naye Bundi akataka kumfurahisha kabla hajarudi. Afisa wa kilimo alikuwa anakuja kukagua mikomamanga yao. Akiridhika, angewapa bomba la maji la mradi wa umwagiliaji. Bila bomba, kiangazi kingeangusha maua yote kama msimu uliopita.

"Asikute miti ina nywele ovyo," Bundi akajiambia, akaingia shambani.

Sasa, mwanamume aliyechuma miraa tangu akiwa na meno ya utoto, mwonyeshe mti wenye ncha nyekundu uone mikono yake itafanya nini. Na machipukizi ya mkomamanga, yakiwa machanga, ni mekundu vile vile. Bundi akachuma huku akipiga mluzi, mti wa kwanza akaumaliza mpaka juu. Alipokuja kushtuka, alikuwa amekaa chini anazipanga zile ncha na kuzifunga kwa jani la mgomba, kibunda safi cha kupelekwa soko la miraa mjini Maua.

Karwirwa akamkuta hapo. Akakitazama kibunda, akautazama mti.

"Baba Gatwiri, hiyo unauzia nani?"

"Nilikuwa napogoa."

"Ulikuwa unachuma." Akaketi kwenye nyasi, kicheko kikamshika mpaka leso ikamfunguka. "Na mtu akitafuna hiyo, atakesha macho ama atakesha chooni?"

Alipotulia akamvuta hadi mti wa pili. Miti hiyo aliizunguka kila jioni, aliijua kama watoto wake. Maua, akamwonyesha, hutoka kwenye ncha za vijiti vifupi vya matawi ya zamani. Ukikata ncha, umekata tunda. Cha kutoa ni machipukizi haya yanayoota shinani na kunyonya bure, na matawi yanayopandana katikati yakizuia jua.

Wakakata pamoja, Bundi akiinama mashinani, Karwirwa akishika juu na kumuuliza kila mara kama kibunda kimeshapata mteja. Miti iliyobaki ikawa wazi katikati kama bakuli, mwanga ukapita hadi chini. Bundi aliipenda hivyo, akasahau mgongo.

Afisa Kithaka alikuja jua likiwa limegeuka, akilalamikia bei ya petroli kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa. Alipoona hakuna mkono unaoingia mfukoni, akaenda moja kwa moja kwenye mti uliochumwa.

"Huu nani ameharibu?"

"Ni mimi," Bundi akasema.

"Basi bomba litangoja. Mradi ni wa wakulima wanaojua kazi. Nyinyi watu wa miraa mnahitaji semina kwanza."

Karwirwa akapangusa mkasi kwa leso, polepole. "Hiyo mingine umeiona, bwana afisa?"

"Nimeona huu. Mtu anachuma komamanga kama miraa, mama, huyo ni wa kupewa maji?"

"Huyu amekosea mti mmoja kwa kuja shambani. Wewe tumekuita misimu mitatu, hukuja hata kukosea. Sasa twende nikuonyeshe bomba litapita wapi."