Kwetu Hatufungui

Kaluki alilelewa Kiboko, kando ya barabara kuu, kwenye safu ya vyumba vya mabati nyuma ya baa. Mama yake, Syombua, aliwauzia chai madereva wa malori. Kila alipotoka alimwachia binti yake onyo lile lile: "Funga komeo. Mtu akibisha, nyamaza." Na walevi walibisha kweli, wengine wakimwita Kaluki kwa jina. Kaluki alikuwa akikaa sakafuni, akitazama ukuta mpaka wachoke.

Mwaka 1987 akapata nafasi katika chuo cha walimu, Kitui. Wakamweka chumba kimoja na Abdiya, binti wa mchuuzi wa ng'ombe kutoka Garissa, msichana wa maneno mengi, mwepesi wa kucheka.

Alasiri moja mvua ilishuka kwa kishindo. Abdiya alitoka darasani mbio, akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

"Kaluki, ni mimi! Nanyeshewa!"

Kaluki aliijua sauti. Alijua pia kwamba yampasa kuinuka. Miguu ilikataa. Alikaa sakafuni, macho ukutani, hana hofu, hana chochote, hadi metroni, msimamizi wa bweni, alipokuja kumfokea dirishani.

"Ulikuwa umelala?" metroni alimuuliza baadaye ofisini.

"Hapana."

"Mmekosana?"

"Hapana."

"Basi mbona hukufungua?"

"Kwetu hatufungui."

Metroni alimwona mjeuri. Akampa adhabu ya kufagia bwalo, na Abdiya akahamishiwa chumba kingine. Kaluki alimsaidia kubeba godoro, akarudi kwenye hesabu zake. Alingoja kulia, machozi hayakuja.

Siku chache baadaye Abdiya alimkuta akifagia.

"Hata mama yako akibisha, hufungui?"

"Mama habishi. Huja akiimba."

"Kwa hiyo hujawahi kumfungulia mtu aliyebisha?"

Kaluki akafikiri. "Sijawahi."

Abdiya akachukua ufagio wa pili, wakafagia wakielekeana mpaka wakakutana katikati.

Abdiya hakurudi kulala chumba kile. Kaluki alimaliza chuo kwa alama za wastani, akapelekwa kufundisha Kalamba. Walimu wenzake walisema anaringa, hakaribishi mtu. Maneno yalimfikia. Aliyasikia yote, akavuta daftari jingine, akaendelea kusahihisha.