Televisheni Iliyoponya Watoto

Jina la Mkasi hakupewa na wazazi wake, alipewa na mabibi harusi. Kwa miaka mingi alikuwa akikata na kuunga video za harusi za watu, na sifa zake zilifika mbali: ukimpelekea bi harusi aliyekesha akilia, yeye atakurudishia bi harusi aliyelala usingizi mnono. Macho mekundu aliyafanya meupe, meno akayang'arisha, hata mashati ya wakwe yakatakata bila kufuliwa. Watu walimsifia mpaka na yeye akaanza kujisifia.

Kazi aliyokuwa nayo safari hii haikuwa ya harusi, ilikuwa ya shukrani. Mkunga mmoja, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Sista, alikuwa anafundisha wanafunzi wa ukunga. Alitaka video fupi ya kuwaonyesha manjano ya watoto wachanga, jinsi yanavyojitokeza kwenye weupe wa macho, kwenye fizi, kwenye viganja. Alikuwa ameshawarekodi watoto kadhaa kwa ruhusa ya mama zao. Mkasi aliposikia, alisema kazi hiyo asipewe mtu mwingine. Akaongezea na video aliyomrekodi binti yake mwenyewe akiwa na siku tatu tangu azaliwe.

Maana huyo Sista ndiye aliyemwokoa binti huyo. Siku hiyo alikuja kumtazama mzazi, akambeba mtoto hadi dirishani, akamfunua jicho taratibu kwa kidole, akasema, "Mvisheni, tunakwenda hospitali." Hakuna mwingine aliyekuwa ameona kitu, si baba, si mama, si shangazi zake wote waliojaa sebuleni. Mtoto akalazwa chini ya taa za buluu, akapimwa damu na kupimwa tena, mpaka akapona. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo, manjano yangefika kwenye ubongo. Sasa binti alikuwa anapanda viti na kuwaamrisha watu wazima, na nyumba nzima ilimwita Bosi. Kila Mkasi alipokutana na Sista alimshukuru kwa maneno yaleyale, na kila mara aliondoka akihisi hayakutosha. Video hii angalau ingesema kitu.

Alifanyia kazi sebuleni, kwenye televisheni kubwa aliyoigeuza kioo cha kuhariria. Ilikuwa bado katika hali ileile ya dukani, ambayo wauzaji huiweka makusudi ili kila rangi itiwe chumvi na mpita njia asipite bila kugeuza shingo. Tena ilikuwa na kijicho kidogo kinachotazama taa ya chumba na kugeuza rangi za picha ziifuate, na taa ya chumba ilikuwa balbu ya njano. Kwa hiyo Mkasi alipofungua picha za watoto aliona njano imetapakaa mpaka kwenye mashuka. Akajisemea kamera ya Sista ni mbovu. Mkono ukaenda wenyewe pale ulipozoea kwenda: akapunguza njano, akaongeza buluu kidogo, kisha akasafisha macho ya watoto mmoja baada ya mwingine, kama alivyoyasafisha ya mabibi harusi. Hakujua kama anaharibu. Alikuwa anapiga mluzi.

Sista alikuja kuitazama Jumamosi mchana. Aliketi kwenye kochi, mkoba magotini, akatazama mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "hawa watoto nilikuletea wagonjwa."

"Ndiyo, Sista."

"Sasa umewaponya wote."

Mkasi alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Wanafunzi wangu wakitazama hii, wataamini mtoto mwenye manjano ana macho meupe pee. Watawaambia mama wa wagonjwa warudi nao nyumbani." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Darasa ni wiki ijayo. Ikishindikana usijali, nitafundisha kwa maneno kama zamani. Ila rangi haielezeki kwa maneno, baba. Nimejaribu miaka yote."

Mkasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amekusudia kumlipa fadhila mwanamke aliyemwokolea mtoto, na badala yake nusura ampelekee darasani uongo wa kuangamiza watoto wa wenzake. Alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi, akashika tama mbele ya ile televisheni yake tukufu.

Kisha akapiga moyo konde. Aliazima kwa rafiki yake wa studio kifaa cha kupimia rangi, kidude kinachoning'inizwa juu ya kioo na kusoma rangi bila upendeleo. Aling'oa balbu ya njano akaweka nyeupe, akafunga pazia, akalifunika kochi jekundu kwa shuka ili lisitupe wekundu wake ukutani. Aliiacha televisheni iwake mpaka ipate moto. Akaingia kwenye menyu, akazima hali ya dukani, akakifumba kile kijicho, akazima na kila kilichojidai kurembesha picha. Mwisho akaweka ngazi ya kijivu, kuanzia nyeusi hadi nyeupe, na hapo ndipo jasho lilipomtoka. Kijivu ni kigumu kuliko rangi zote, maana hakitaki kuelemea popote. Akipunguza wekundu, kinaingia ukijani. Akiutoa ukijani, kinageuka zambarau. Alipunguza, akaongeza, akapima, akalaani, akapima tena, mpaka kijivu kikawa kijivu tu.

Mkewe aliingia na Bosi ubavuni, akasimama.

"Baba Bosi, umeifanya nini televisheni? Imefubaa kama imetoka kulazwa."

"Imeanza kusema kweli."

"Ilikuwa inapendeza zaidi ikidanganya."

Mkasi alifungua picha zilezile za mwanzo, kabla hajazigusa. Mashuka yalikuwa meupe. Macho ya watoto hayakuwa meupe.

Halafu ikafika zamu ya binti yao. Pale penye weupe wa jicho palikuwa na njano ya kiini cha yai, na fizi zilikuwa nayo, na kifua pia. Nyuma ya kamera ilisikika sauti ya Mkasi mwenyewe, imejaa furaha, ikiwatangazia ndugu wa mbali: "Mtazameni anavyong'aa."

Mkewe aliketi chini polepole. "Alikuwa hivi?"

"Alikuwa hivi."

"Na sisi tulikuwa tunasema ana rangi nzuri."

Bosi aliteremka, akaenda kumgonga gonga yule mtoto wa kwenye kioo na kumwamuru aamke. Mkasi alimtazama huyu, akamtazama yule, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Muda wote huo alikuwa akishukuru kwa kusimuliwa. Leo ndipo alipoona kwa macho yake kile mtoto alichoepushwa nacho.

Aliiunga video upya na rangi hakuigusa. Siku ya darasa hakuiamini projekta ya chuo, kwa hiyo yeye na shemeji yake waliibeba televisheni yenyewe, imeviringishwa blanketi, shemeji akilalamika ngazi nzima kwamba hata marehemu hubebwa na watu wanne. Wakafunga mapazia, wakaiwasha. Mkasi akaketi nyuma kabisa.

Sista aliwaonyesha watoto mmoja mmoja, akiuliza yupi arudi nyumbani na yupi abaki. Walipofika kwa binti yake, ile sauti ikasema, "Mtazameni anavyong'aa," na darasa likaangua kicheko. Mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele hakucheka. Aliinuka, akasogea karibu na kioo.

"Sista, huyu anaumwa," alisema. "Macho yake. Kwa nini wenzangu wanamcheka? Apelekwe sasa hivi."

Kicheko kikakatika. Sista aligeuka akatazama viti vya nyuma.

"Alipelekwa," akasema. "Baba yake yule pale."

Vichwa vyote vikageuka. Mkasi alisimama, na yale maneno yake ya siku zote yakampotea. Akasema binti yuko nyumbani, mzima, na asubuhi hii amemfichia baba yake viatu. Kisha akamshukuru Sista, akamshukuru na yule mwanafunzi wa mstari wa mbele, ambaye bado alikuwa amesimama kando ya kioo, mkono kifuani, akihema kama aliyepokewa mzigo.