Mgongo wa Stelingi

Kamalini alikubali kuwa mama wa Devkaran kwa sababu ya ukurasa mmoja na nusu. Devkaran mwenyewe alimzidi miaka mitatu. Miaka kumi nyuma walikuwa wapenzi wa sinema, wakikimbizana kwenye theluji ya Kashmir, yeye kavaa sari nyepesi meno yakimgongana, stelingi kajifunika koti la sufu. Sasa Devkaran bado alikuwa stelingi, na Kamalini, mwenye miaka thelathini na minane, alipakwa poda nyeupe nyweleni ili aitwe mama. Bombay nzima haikuona ajabu.

Lakini ukurasa huo! Mama anamkalisha mwanawe inspekta jikoni, anamwambia kwamba aliyekwenda polisi kumchongea baba yake si adui yeyote, ni yeye mama. Kamalini aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akasahau hata kumkaribisha ndani mgeni aliyeuleta. Miaka ishirini na moja alikuwa amepewa maua ya kunusa na nyimbo za kuchezesha midomo huku mwingine akiimba. Maneno ya mtu mzima hakuwahi kupewa.

"Kamera itakuwa usoni mwako, dada, mwanzo hadi mwisho," mwongozaji Chandok aliahidi, mkono kifuani. "Naapa kwa uhai wa mama yangu."

"Mama yake alishakufa," alisema Felicia, msusi wake Mgoa, Chandok alipoondoka. "Kiapo hicho hakimdhuru mtu, Bebi." Felicia alimwita Bebi tangu akiwa na miaka kumi na saba, na hakuona sababu ya kuacha.

Siku ya kupiga picha Kamalini alifika studio saa tatu asubuhi. Devkaran alikuwa na zamu nyingine, kwenye filamu nyingine, upande wa pili wa mji. Saa sita wakasema yuko njiani. Saa nane wakasema anakula. Saa kumi lilikuja koti la uinspekta, mwenyewe hakuja.

Akavalishwa Pandurang. Huyu kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kuwa mgongo wa Devkaran: kuanguka farasini kwa niaba yake, na kuipa kamera kisogo kila stelingi anapokosa nafasi.

"Niseme maneno haya kwa kisogo?" Kamalini aliwaka.

"Kisogo ni cha kamera, dada. Wewe utaona uso," Chandok alisema.

"Uso wa nani?"

"Wangu, madamu," Pandurang alijibu kwa haya. "Nisamehe."

Kamalini akameza hasira, akaanza. Alipofika pale mama anaposema alisubiri mpaka mtoto alale ndipo akaenda kituoni, aliona kidevu cha Pandurang kinatetemeka. Machozi yakamshuka mwanamume huyo, ya kweli, bila ile dawa ya kudondoshea machoni.

"Kata!" Chandok alifoka. "We Pandurang! Mgongo unatikisika! Inspekta ana homa?"

"Samahani, bwana. Ni maneno yake."

"Hukuajiriwa kusikiliza!"

Wakarudia. Safari hii Pandurang aliuma meno, akakaza mabega, akalia kwa mbele tu. Kamalini alimsemea yeye neno kwa neno, na alipomaliza, vijana wa taa huko juu kwenye mbao walipiga makofi. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ujana wake.

Miezi mitatu baadaye aliitwa kuingiza sauti. Kamera za siku zile zilikuwa na kelele kama cherehani, kwa hiyo kila neno la studio lilisemwa upya, ndani ya chumba chenye kipaza sauti na kioo, mbele ya picha. Taa zikazimwa. Kwenye pazia akatokea yeye: "Mwanangu, kaa." Halafu uso wa Devkaran. Uso wa Devkaran ukimsikiliza. Uso wa Devkaran ukilia, matone mawili ya dawa yakishuka sambamba. Pembeni kabisa, bega moja lenye sari nyeupe.

"Hilo si bega langu," alisema.

"La binti mmoja tu," Chandok alijibu. "Devkaran alitupa nusu siku, na wewe ulikuwa Nashik."

"Na uso wangu?"

"Si upo? Mwanzoni! Dada, watu wanakata tiketi kumwona yeye akilia. Sauti yako ndiyo itakayomliza. Bila wewe hana kitu."

"Uliapa."

"Niliapa kabla ya wasambazaji kuiona filamu." Akashusha sauti. "Usinilazimishe. Kuna mama mmoja kule Dadar anakuigiza sauti vizuri sana."

Kamalini alitoka hadi barazani, alipokuwa Felicia na glasi mbili za chai. Akamweleza yote. "Nitayasoma kama orodha ya sukari na mafuta ya taa. Anirudishie uso wangu, au Devkaran alie peke yake na watu wamcheke!"

"Iharibu, Bebi," Felicia alisema. "Iharibu kabisa."

Akarudi ndani. Taa nyekundu ikawaka, picha ikaanza kukimbia. Akafungua kinywa akiwa na ile sauti ya dukani tayari ulimini. Macho yake yalikuwa kwa Devkaran, lakini aliyemjia ni Pandurang, kidevu kimelowa, mabega yamekazwa ili mgongo usitikisike. Hakuna ambaye angeuona uso ule milele. Sauti ikatoka yenyewe. Ilitoka hadi neno la mwisho, na nyuma ya kioo fundi wa sauti alivua miwani akajifuta.

"Imepita!" Chandok aliruka. "Mara moja tu! Dada, wewe ni mungu wa kike!"

"Futa. Nataka kurudia."

"Urudie nini? Imepita!" Na tayari alikuwa akimwonyesha fundi autoe utepe.

Barazani, Felicia alimtazama usoni. "Umeiharibu?"

"Hapana."

"Jamani, kwa nini?"

Kamalini akachukua chai iliyokwishapoa, akainywa yote akiwa amesimama.

"Sijui kuiharibu," alisema. "Miaka ishirini na moja, Felicia, na hilo tu sikujifunza."