Santuri ndani ya Foronya

1.
Haya niliambiwa na mjukuu wangu Kalunde, kwa simu, Jumapili iliyopita baada ya ibada. Amekwenda Kigoma kufundisha, amepanga chumba kwa mzee mmoja kinyozi. Nayaandika kama alivyosema, maana nikiyaacha mdomoni yatachuja.

"Bibi, huyu mzee ana santuri moja tu. Anailaza kwenye foronya kama mtoto. Nikamwuliza, jalada lake liko wapi?"

"Akasemaje?"

"Akasema liliungua. Tabora. Kwenye jiko la baba yake."

Simu nikaishika kwa mikono miwili.

2.
Halikuungua.

3.
Wewe unayesoma, sogea nikuonyeshe. Hapa Tabora, ndani ya sanduku langu, chini ya vitenge. Wanaume wanne wa ng'ambo. Nywele zimesimama kama moshi wa kuni mbichi. Wanja. Midomo myekundu kuliko ya bibi harusi. Suruali za ngozi zimewabana, sijui walikuwa wanakaaje. Wa nne ameungua uso, zimebaki nywele.

Usicheke bado.

4.
Msabila, mdogo wangu, alivyonieleza akiwa kijana:

"Dada Nyamizi, kila albamu ya watu hawa ni fujo. Gitaa linapiga mayowe, dramu kama treni inaingia stesheni. Halafu unafika wimbo mmoja wa taratibu, na wanaume wale wale wanalia. Fujo yote ile ni ua waliouzungushia huo wimbo mmoja."

Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume akilia. Nikadhani labda lazima kwanza apambwe.

5. ALIVYOVAA MSABILA SIKU YA ONYESHO LA BENDI YAKE BWALONI
wanja wangu
suruali ya shangazi
mikanda, yake na ya baba, yote kwa pamoja
kitenge changu, kimechanwa, kimefungwa kwenye gitaa
nywele zimechanwa kwenda juu, zikamwagiwa maji ya sukari, zikakauka, zikasimama

Sukari ya foleni, jamani! Mama alikuwa ameipangia mstari tangu alfajiri.

6. NYUKI WANASEMA
Hatukuja kuuma. Ilikuwa Oktoba, miyombo imechanua, tunapita zetu. Madirisha ya bwalo yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Tukapata harufu. Vichwa vya sukari, vinatingishwa! Nani angepita?

Aliyeanza ni mpiga dramu. Alitupiga na kijiti.

7. TANGAZO
Kamati ya Bwalo inawatangazia wanamuziki wote kwamba kuanzia leo ni marufuku kuingia ukumbini ukiwa umepaka kichwani sukari, asali, soda au kitu kingine chochote chenye utamu. Atakayekiuka atatengeneza mwenyewe viti vitakavyovunjwa na watu wakikimbia. Kuhusu wanja, wajumbe hawakuafikiana.

8. Sokoni, kesho yake
— Mzinga huyo anapita!
— We Mzinga, asali iko tayari?
— Mwacheni, mwenzenu macho yamevimba.
— Yamevimba na bado kapaka!

9.
Wimbo wa taratibu hawakuufikia.

Walikuwa wameuweka

mwisho.

10.
Baba, mlangoni, jalada mkononi:

"Osha uso, uingie. Usipoosha, usiingie."

Akalitupa jikoni. Nikaingiza mkono motoni, nikalitoa. Nilipogeuka nimwonyeshe Msabila, alikuwa ameshavua foronya kwenye mto wake, santuri ndani, anaelekea stesheni. Treni ya Kigoma.

Hakuosha.

11.
Baba alikufa akiangalia mlango. Hakusema anamtazamia nani.

12.
Leo, mchana, Oktoba nyingine. Kalunde nilimwambia kinyozi wake ni nani; kaiweka simu yake kwenye spika, kule Kigoma.

"Dada."

Sauti imezeeka. Neno halijazeeka.

"Msabila. Umekula?"

"Nimekula. Mjukuu wako kanikaangia migebuka. Dada, bado wananiita Mzinga?"

"Waliokuita wengi tumewazika. Waliobaki hawana meno ya kuchekea."

Akacheka. Lo! Kicheko kile kile.

"Jalada kweli lipo?"

"Lipo. Mmoja kaungua uso."

"Yupi?"

"Wa kushoto."

"Ndiye anayeimba."

Nikaliinamia jalada, kama niko msibani kwake.

"Njoo ulichukue," nikasema.

"Mimi bado napaka wanja, dada. Kidogo. Jumapili."

"Njoo nao."

"Na mlangoni je?"

"Mlangoni nipo mimi sasa."

13.
Nikasikia foronya inakunjuliwa. Gramafoni ikakohoa, sindano ikakwaruza.

Taratibu.

Taratibu.

Mwanamume analia kwa lugha nisiyoijua. Ndiye huyu niliye naye hapa mkononi, asiye na uso.

14.
"Kalunde, amesema atakuja?"

"Amelala, Bibi. Hapo hapo kitini. Wanja umemchuruzika."

"Usimwamshe."

"Simwamshi. Hata mimi joto hili…"

Naye anakoroma.

15.
Wimbo umekwisha. Santuri imebaki inazunguka, sindano kwa, kwa, kwa. Nimejilaza mkekani, jalada kifuani, mdomo wake nimeuelekeza mlangoni. Mlango nimeuacha wazi. Simu sikati. Akiamka atasema neno, nami nitalisikia, sijalala mimi, nimefumba macho tu, kwa, kwa, nimsikie akisema anakuja au haji, kwa, na treni ya kutoka Kigoma siku hizi inaingia saa