Kiti cha Matairi Manene

"Mwaka huu tusiende ufukweni Port Merrin," alisema Des, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umepooza tangu Julai. "Nitafikaje majini?"

Coral, mkewe, hakuinua kichwa kutoka kwenye orodha ya vitu vya safari ya Krismasi.

"Waokoaji wa ufukweni wana kiti cha matairi manene, kinapita mchangani. Nimeshawapigia simu."

"Unisukume kama kitoto, watu wakinitazama?"

Moyo ulimuuma Coral, lakini alitabasamu.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi wee."

"Miaka arobaini nabebewa mwavuli, viti na barafu mpaka majini, na sijaona haya hata siku moja. Mimi nani?"

Des alicheka mpaka machozi yakamlenga.

"Mke wangu mvivu."

"Basi sasa ni zamu yangu."

Des aliigusa ile orodha kwa kidole.

"Andika soseji," alisema. "Za kuchoma. Nyingi."